Pensheni Haina Dalali



Mvua ya juzi usiku ilikukuta wapi? Kama ni mpangaji, huenda ulivuta shuka ukashukuru kupata ubaridi. Kama ni mwenye nyumba, nakujua. Uliamka, ukakaa kitandani, ukasikiliza. Kila tone lililopiga bati lilikuwa na swali lake. Chumba cha nyuma kinavuja? Shimo la choo limejaa? Ule uzio uliojengwa na fundi wa bei poa bado umesimama?

Nimeanza na mvua kwa sababu leo nataka tuzungumze juu ya uzee, na kwetu mtu akiwaza uzee huwaza nyumba. Muulize kijana aliyepata ajira yake ya kwanza ana mipango gani, atakwambia anatafuta kiwanja. Hatakwambia anafuatilia michango yake ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Kiwanja anakiona ni kitu alichopata; mchango anauona ni kitu alichonyang'anywa. Sikiliza hata neno tunalolitumia: tunasema "tunakatwa". Neno hilo tuliweke pembeni kidogo, tutalirudia.

Nina baba yangu mdogo, yuko Morogoro, upande wa Kihonda. Alifundisha shule za msingi mpaka akafikisha miaka 60 na kustaafu. Ana pensheni, na ana nyumba ya vyumba vitano anayoipangisha. Kwa hiyo katika ubishi huu wa nyumba na pensheni, yeye ni shahidi mzuri, maana anakula sahani zote mbili.

Mwezi uliopita nilimtembelea. Baada ya shikamoo na marahaba, akanitolea kaunta buku moja nene, jalada limefunikwa kwa gazeti, kona zimeliwa na mende. Kila chumba kina ukurasa wake. Chumba namba moja: "Amelipa miezi sita." Chumba namba mbili: "Ameahidi Jumamosi." Mstari wa chini: "Ameahidi Jumamosi." Mstari wa chini tena, neno moja tu: "Jumamosi." Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Huyo, mwanangu, Jumamosi yake haijafika tangu Pasaka."

Tukakaa kibarazani tukapiga hesabu ya mwaka mzima. Chukua kalamu kama iko karibu.

Vyumba vitano, kila kimoja shilingi 50,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 3,000,000. Hiyo ndiyo hesabu ya vijiweni, na wengi huishia hapo. Sisi tukaendelea. Chumba kimoja kilikaa wazi miezi mitatu: toa 150,000. Mpangaji mwingine alihama usiku akiwa na deni la miezi miwili, na kitasa akaondoka nacho: toa 100,000, kitasa tutakihesabu baadaye. Kilichoingia mkononi ni 2,750,000.

Hapo ndipo neno "kodi" linapogeuka. Kiswahili kimetupa neno moja kwa mambo mawili: kodi unayopokea kwa mpangaji, na kodi unayopeleka TRA. Wenye nyumba tuna kipaji cha kuikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Kodi ya pango ni asilimia 10: toa 275,000. Kuna kodi ya jengo, ile inayokatwa kwenye LUKU, ambayo mwaka 2023 ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida: kwa mwaka 18,000. Gari la majitaka limekuja mara mbili: 160,000. Bati mbili, fundi bomba, rangi ya chumba kilichohamwa, na kile kitasa: 300,000.

Kinachobaki ni 1,997,000. Tuseme milioni mbili, yaani kama 166,000 kwa mwezi. Nikamuuliza: leo hii akitaka kununua kiwanja na kujenga nyumba kama ile, itamgharimu kiasi gani? Akafikiri, akasema haipungui milioni 40. Milioni mbili kwa milioni 40 ni asilimia 5 kwa mwaka. Hatifungani za Serikali za muda mrefu, zile za miaka 20 na 25, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 miaka hii, riba ikiingia kila baada ya miezi sita, na hazina shimo la choo.

Kweli, thamani ya nyumba nayo inapanda wakati mwenyewe amelala, na hilo silikatai. Lakini katika hesabu ile hatukuweka mshahara wa baba mdogo mwenyewe. Kumfuata wa Jumamosi, kuamua ugomvi wa LUKU kati ya chumba namba tatu na namba nne, kupanda juu kutazama bati. Zote hizo ni kazi, na anaifanya mtu ambaye serikali imeshamwambia apumzike.

Haya, sasa twende upande wa pili, wa pensheni.

Neno kikokotoo zamani lilikuwa neno la darasa la hesabu. Mwaka 2018 likapanda daladala. Mwaka huo mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF iliunganishwa ikawa PSSSF kwa ajili ya watumishi wa umma, na NSSF ikabaki na sekta binafsi pamoja na waliojiajiri. Kanuni mpya ya kukokotoa mafao, ndicho hicho kikokotoo, ikaja na taarifa kwamba mstaafu atapewa robo ya mafao yake kwa mkupuo, na kinachobaki atalipwa kidogo kidogo kila mwezi. Watumishi wengi walikuwa wamezoea nusu, wengine robo. Kelele zilizopigwa unazikumbuka. Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha kanuni ile. Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine, mkupuo wa asilimia 33 kwa wote. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha tena: asilimia 40 kwa lile kundi lililozoea nusu, asilimia 35 kwa lile lililokuwa la robo.

Miaka yote hiyo ya mabishano, karibu kila aliyesimama alizungumzia mkupuo, yaani kiinua mgongo. Ile ya kila mwezi ilikosa mtetezi. Ngoja leo niitetee kwa hesabu.

Tumchukue mtumishi wa mfano, wa kundi la asilimia 40. Wastani wa mshahara wake ni milioni moja kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Amechangia miaka 30, ambayo ni miezi 360. Kanuni inasema: zidisha milioni 12 kwa 360, kisha gawa kwa 580. Unapata kama shilingi 7,448,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka. Asilimia 40 yake inazidishwa kwa 12.5, inakuwa mkupuo: kama milioni 37 na laki mbili. Asilimia 60 inayobaki inagawanywa kwa miezi 12: kama 372,000 kila mwezi, mpaka siku atakapofumba macho.

Sasa angalia hapa, msikilizaji, kwa sababu hapa ndipo penye siri. Ile asilimia 40 iliyogeuzwa kuwa mkupuo, ingebaki kwenye pensheni, ingekuwa 248,000 kwa mwezi. Maana yake ule mkupuo haukushuka kutoka mbinguni. Mstaafu ameununua, na bei aliyolipa ni 248,000 za kila mwezi, maisha yake yote. Na ile 12.5 ni miaka kumi na miwili na nusu: anayestaafu akiwa na 60 akafika 73, ameshalipa zaidi ya alichopewa.

Halafu anafanya nini na hizo milioni 37? Anajenga nyumba ya kupangisha! Hazitoshi hata nyumba ya baba mdogo ya milioni 40. Tuseme akabana hapa na pale ikatosha. Nyumba ile inampa 166,000 kwa mwezi. Ametoa 248,000 isiyojua mvua wala mpangaji wa Jumamosi, akachukua 166,000 yenye kazi ndani yake. Sisemi akatae mkupuo. Mkupuo una shughuli zake: kumaliza madeni, kutibu macho, kuezeka kilichosimama tayari. Nasema asiuzike kwenye msingi mpya.

Jirani yake baba mdogo alifanya hivyo hivyo. Alistaafu, akapokea, akachimba msingi wa vyumba sita. Nondo na simenti zikala fedha mpaka kwenye lenta, hapo zikaisha. Leo lile pagale limesimama bila bati, nondo zinachungulia juu zimeota kutu, na mahali palipopangwa kuwa sebule pameota mpapai. Kila mwaka unazaa. Watoto wa mtaani wanakuja kuchuma, na mzee anawaruhusu, anasema ndiyo kodi pekee ambayo nyumba yake imewahi kutoa.

Sasa nisije nikaonekana nimetumwa na mifuko. Pensheni ina magonjwa yake, na la kwanza ni bei za vitu. Nyongeza ya pensheni inakuja kwa uamuzi wa Serikali, si kila mwaka kama mvua za masika. Mfumuko wa bei wetu miaka ya karibuni umekuwa kama asilimia 3, ni mpole. Lakini hata huo mpole, ukikaa miaka 20, ile 372,000 itanunua vitu ambavyo leo unavinunua kwa 206,000 hivi. Nyumba haina ugonjwa huo. Baba mdogo alianza kupangisha chumba kwa 10,000. Leo ni 50,000, na hakuomba kibali cha mtu.

Ugonjwa wa pili, pensheni ni ya mwenyewe. Akifariki, wategemezi wana mafao yao kwa mujibu wa sheria, lakini huwezi kumwachia mjukuu pensheni kama unavyomwachia nyumba.

Ugonjwa wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Rafiki yangu mmoja alifanya kazi kwenye kampuni binafsi miaka 11. Hati yake ya mshahara ilionyesha makato kila mwezi, bila kukosa. Alipokwenda kuulizia, akakuta michango ya miaka saba tu. Minne haikufika. Alikatwa kweli, ila kilichokatwa hakikupelekwa. Na sheria inadai miezi 180 ya michango, miaka 15, ndipo mtu apate pensheni ya kila mwezi. Miaka minne si kitu cha kupoteza njiani. Kwa hiyo, kama wewe ni mwajiriwa, chunguza taarifa yako ya michango angalau mara mbili kwa mwaka. Siku hizi iko kwenye simu. Mwenye nyumba anakagua bati. Nawe kagua michango, ndiyo bati lako.

Na hapa tulirudie lile neno, "tunakatwa". Mtumishi wa umma anachangia asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri anaweka asilimia 15. Kwenye NSSF kawaida ni kumi kwa kumi. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba umekatwa, uliza na mwajiri wako amekatwa ngapi. Nionyeshe kiwanja ambacho ukinunua kwa shilingi moja, mtu mwingine anakuongezea shilingi moja au tatu. Kijana anayepatana na bosi wake, "nipe yote mkononi, tusipeleke kwenye mfuko," anadhani ameupunja mfuko. Amejipunja lile fungu la bosi.

Na wapo wanaosema, "Mimi siamini makaratasi, naamini tofali." Ndugu yangu, makaratasi hayo hayo yameshakuwa tofali. Daraja la Nyerere pale Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, limejengwa kwa sehemu kubwa na fedha za NSSF. Yale majengo pacha marefu ya Sokoine Drive, Dar es Salaam, yalijengwa na PSPF. Na kwa kuwa ni binadamu wanaoamua, mifuko nayo ina mapagale yake: mradi wa nyumba wa Dege, Kigamboni, ulisimama njiani, na majengo yakakaa miaka bila mkazi. Tofauti ni kwamba pagale la mfuko linabebwa na wanachama wengi. La kwako unalibeba peke yako.

Na tofali nalo linabomolewa. Mwaka 2017, kutoka Kimara kwenda Kiluvya, watu waliamka wakakuta alama ya X kwenye kuta zao, kisha matingatinga yakafuata, kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro. Kuna waliokuwa wameishi pale miongo. Katika nchi yetu ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Sisi tunapewa haki ya kuitumia, kwa hati ya miaka 33, 66 au 99. Mwenye karatasi iliyogongwa muhuri wa mtaa tu, na mwenye hati, wote husema "nina kiwanja", ila siku ya tingatinga ndipo wanapojua kwamba walikuwa wanasema vitu viwili.

Jambo jingine, nyumba haikatwi vipande. Ukiumwa ukahitaji laki tano, huwezi kuuza dirisha moja ukalipia dawa. Utauza yote, tena kwa haraka, na anayeuza kwa haraka dalali anamnusa kutoka mbali.

Nimesema dalali, nikamkumbuka yule wa Kihonda. Ukifika kwa baba mdogo, ukuta wa mbele una maandishi makubwa, rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Maandishi hayo tunayaona kila mji, hata hatuyasomi tena. Nilimuuliza kwa nini ayaandike na hakuna aliyesema anauza. Akanieleza. Mwaka juzi alilazwa wiki mbili. Siku aliyorudi, akakuta alama za viatu vya mgeni kwenye udongo mbichi wa uani, na chumba namba tano akamwambia kuna dalali alikuja na mteja, wakapima uwanja kwa hatua. Aliyewafungulia geti ni mtu wa nyumbani. Jina hakulitaja, nami sikulazimisha. Akanunua kopo la rangi.

"Pensheni," akaniambia, "haina dalali. Nililala hospitali wiki mbili, na mwezi ulipoisha ikaingia vilevile. Hakuna aliyekuja kuipima kwa hatua."

Basi niseme nilichojifunza kwenye kile kibaraza. Nyumba ya kupangisha ni kazi, na pensheni ni mshahara. Tunakosea tunapoenda kutafuta mapumziko kwenye kazi. Baba mdogo alichimba msingi wake akiwa na miaka 34. Alinunua tofali hamsini hamsini, mfuko wa simenti mmoja mmoja, akamaliza akiwa na 51. Mikono na magoti alikuwa nayo. Siku aliyopokea kiinua mgongo, nyumba ilikuwa inafanya kazi tayari, naye alipokea fedha bila kuwa na njaa ya kujenga. Leo hawezi kupanda kwenye bati, anamlipa kijana, na bado kodi inamtosha kwa yale ambayo bei za vitu zinaipunguzia pensheni. Vimefuatana vizuri: kazi iliwekwa kwenye umri wa kazi, na mshahara kwenye umri wa kupokea.

Kwa hiyo, kijana, michango ianze na mshahara wa kwanza, wala usiionee haya. Tofali lianze ungali na magoti, na lianze baada ya hati. Na wewe uliyekaribia kustaafu bila nyumba ya pili, usikimbizwe na jirani. Huo si umri wa kujifunza kupatana na mafundi.

Na wewe mama ntilie, wewe dereva wa bodaboda, unayesema hayo ni ya waajiriwa: NSSF inapokea waliojiajiri. Kuna vipande vya uwekezaji vya UTT AMIS, taasisi ya Serikali inayosimamia Mfuko wa Umoja, ulioanzishwa mwaka 2005. Vinapanda na kushuka kama biashara yoyote, ila unaingia na kidogo ulichonacho, na ukipata shida unauza vipande vichache, vingine vinabaki. Huko ndiko dirisha moja linakouzika.

Nilipokuwa naaga, simu ya baba mdogo ikatoa mlio juu ya kigoda. Akaisogeza mbali na macho, akasoma. Ilikuwa benki: pensheni ya mwezi imeingia. Akaiweka chini bila kusema neno, kama mtu aliyeona jua limechomoza. Kisha akavuta ile kaunta buku, akafungua ukurasa wa chumba namba mbili, akaniuliza:

"Leo siku gani?"

"Alhamisi, baba."

"Haya," akasema, akalifunga daftari. "Bado."

Usiku mwema, msikilizaji. Kama umejenga, mvua ikija leo, ulale.